Nyama Imepimwa, Mchinjaji Je?

Wenzangu wa kalamu, nina ugomvi nanyi. Tukiandika Mji Mkongwe tunaandika milango ya nakshi, karafuu na msichana barazani. Darajani, pale penye nyama, tunapita tumeziba pua. Na mchinjaji akiingia katika hadithi zetu, basi ana kisu na hasira, kazi yake kuua mtu. Hebu tumtazame sawasawa.

Ng'ombe akichinjwa, mkaguzi hutazama ini, mapafu na tezi, kisha hugonga muhuri. Vizuri, tunakula kwa amani. Yule aliyezamisha mikono matumboni mpaka viwikoni, yeye anakaguliwa na nani? Akipimwa, hupimwa asije akatuambukiza sisi!

Ipo homa ya kutupa mimba, brusela. Si ugonjwa mgeni: David Bruce alivigundua vijidudu vyake kule Malta mwaka 1887. Hupenya kwenye mkato mdogo wa kidole, au damu ikimrukia mtu jichoni; mfuko wa uzazi wa ng'ombe mwenye mimba ndio mbaya zaidi. Homa inakuja, jasho, viungo vinauma, inaondoka, inarudi. Mtu ataambiwa malaria. Kila homa malaria, jamani? Katika visiwa hivi ambavyo malaria ilishashuka chini ya asilimia 1? Brusela hutibiwa kwa dawa mbili pamoja, wiki 6. Panadol haiigusi.

Msiniambie haya ni ya vitabuni. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 100 huko Bara, na damu ya mnyama anayechinjwa ni moja ya njia zake kubwa. Mwaka 2022 wakafa watu 3 Lindi kwa homa ya mgunda, ambayo hupitia mkojo wa panya, na wa mifugo pia.

Jirani yangu wa buchani nilimtajia glovu, akacheka: kisu kinateleza, bwana mdogo. Sawa, simlazimishi. Apate basi maji ya bomba na sabuni pale pale anapochinja, na kitu cha kufunika kidonda. Na akienda hospitali na homa, aulizwe swali moja tu, ambalo halina gharama: unafanya kazi gani?

Homa yake imerudi mara ya tatu mwaka huu. Ananiambia hajaulizwa bado.