Jembe makumbusho, na plau je?

Wadau, leo naungama. Habari za makabidhiano ya matrekta nimeshaandika nyingi mno. Naandika idadi, jina la mgeni rasmi, picha ya ufunguo ukipokelewa, basi. Sijawahi kuzunguka nyuma ya trekta na kuuliza: hapa kinafungwa nini?

Mara nyingi ni plau ya sahani. Ukilima nayo kina kilekile msimu baada ya msimu, udongo wa juu unakuwa vumbi, wa chini unashindiliwa kama sakafu. Mvua ikinyesha maji hayazami, yanatiririka na kuondoka na udongo. Mizizi ya mahindi ikifika kwenye tabaka hilo inakata kona. Jua la wiki mbili tu shamba limenyauka, nasi magazetini tunaandika "ukame".

Najua tuliopo Mchafukoge tutasema hayatuhusu, shamba letu ni lami. Hivi ugali wa mama ntilie unatoka wapi? Soko kubwa la mahindi liko Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Na Kongwa hiyohiyo ndiko Waingereza walikopata somo. Mwaka 1947 walianza mradi wa karanga kwa mbwembwe, mpaka vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Kiangazi udongo ukakauka ukawa kama saruji, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 wakafunga virago, takribani pauni milioni 36 zimeteketea. Mashine walikuwa nazo tele. Udongo hawakuuliza.

Sisi je? Mwaka 2009 tuliimba Kilimo Kwanza. Mwaka 2015, Johannesburg, Umoja wa Afrika ukatangaza jembe la mkono liende makumbusho. Liende tu, migongo ya mama zetu imechoka, na jembe nalo hujenga tabaka gumu lake. Lakini kulitoa jembe na kuleta plau ni kulisogeza tabaka hilo chini zaidi, kwa mkopo.

Ripa zipo. Inapasua mstari wa kupandia tu, mabua yanabaki kufunika ardhi, maji yanazama. Babati na Arumeru wakulima walianza kulivunja tabaka gumu tangu miaka ya 1990. Trekta ni lilelile, kinachobadilika ni chuma cha nyuma.

Waandishi wenzangu, makabidhiano yajayo tuzunguke nyuma. Tukikuta plau peke yake, tumuulize mgeni rasmi kabla hajakata utepe.

Naomba kutoa hoja.