Machinjio ya zamani ya Paris: majengo makubwa, hesabu mbaya

Nyama tunayokula mu miji yetu ya mashariki inachinjiwa wapi? Na nani anaiangalia mbele ifike sokoni? Wakaaji wengi hawaulizi, mpaka siku watu wanaanza kuugua. Kuna mji mmoja uliohangaika na maswali haya zaidi ya miaka 150: Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Historia yake inaweza kutusaidia.

Zamani, wachinjaji wa Paris walikuwa wanafanya kazi katikati ya mji, upande wa Châtelet, karibu na mto Seine. Damu ilikuwa inapita barabarani mpaka mtoni. Mwaka 1810 Napoléon alitoa amri: machinjio 5 ya umma yajengwe pembeni ya mji. Yalifunguliwa mwaka 1818.

Lakini mji ukaendelea kupanuka. Prefe Haussmann akaamua kazi yote ikusanywe mahali pamoja, La Villette, kaskazini-mashariki ya Paris. Mwaka 1867 ikafunguliwa: upande mmoja wa mfereji wa Ourcq soko la wanyama hai, upande mwingine machinjio. Siri yake ilikuwa gari la moshi. Ngombe walikuwa wanatoka majimbo ya mbali na kushuka hapo hapo.

Nyuma ya vita ya pili ya dunia, wakubwa wakaamua kujenga La Villette upya, kisasa. Hapo njo hesabu ilipotea. Wakati ule kamyo zenye friji zilikuwa zimeanza kutembea. Ukisafirisha ngombe hai, unalipia pia mifupa, ngozi na matumbo, na mnyama anakonda njiani. Ilikuwa rahisi zaidi kumchinja karibu na mfugaji, kisha kutuma nyama tu. Hata hivyo kazi iliendelea na gharama ikapanda sana, mpaka Seneti ikafanya uchunguzi. Tarehe 15 Machi 1974 La Villette ikafungwa. Jengo lile kubwa ambalo halikukamilika likageuzwa kuwa makumbusho ya sayansi, yaliyofunguliwa mwaka 1986. Na soko la zamani la ngombe, leo watu wanaenda mule kusikiliza muziki.

Sisi tuchukue somo gani? Si kuiga tu, kwa sababu kwetu hali ni kinyume. Ngombe wa Masisi wanaletwa Goma wakiwa hai juu barabara ni mbovu, na umeme wa friji ni shida. Ukichinja mbali, nyama itaoza njiani. Kwa hiyo machinjio karibu na mji bado yana maana kwetu. Lakini mbele ya kuuliza tutajenga jengo gani, tuulize: maji yatatoka wapi? Uchafu utaenda wapi? Barabara je?

Somo la pili ni afya. Mwezi wa Aprili 2025, viboko karibu 50 walikufa mu hifadhi ya Virunga, upande wa mto Ishasha na ziwa Edward. Vipimo vilionyesha kimeta, ao antraksi. Ugonjwa ule unashika pia ngombe na mbuzi, na mtu anaweza kuupata akigusa ao akikula nyama ya mnyama mgonjwa. Mu machinjio ya umma, veterineri anapaswa kumwangalia mnyama akiwa bado hai, kisha kuangalia viungo vya ndani: maini, mapafu, bandama. Mnyama akichinjwa uani usiku, hakuna anayemwona.

Lakini tusiwatupie wachinjaji makosa yote. Kama wanalipa taksi kila siku na hakuna maji, hakuna taa, sakafu imepasuka, wengi watarudi uani. Ukuta mzuri hautawazuia, na polisi pia hawatatosha. Pesa wanayolipa irudi: maji, taa, mshahara wa veterineri. Hapo mchinjaji mwenyewe ataona faida ya kuja.

Paris ilijenga bila kuangalia vile nyama inavyosafiri. Ilikuwa na pesa ya kulipia kosa lile. Miji yetu haina. Na wewe mkaaji, ukinunua nyama, uliza kama ina muhuri wa veterineri. Muuzaji akiona wateja wote wanauliza, naye atamuuliza mchinjaji wake.