Wananchi wa Kaloleni, Tuchanganye Miche

Wananchi wenzangu, asubuhi mkifungua mlango mnasikia ndege gani? Kunguru, bila shaka, na shomoro juu ya vigae. Na chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, mlimwona lini mara ya mwisho?

Mtaa wetu ulijengwa miaka ya 1940 kwa mpango wa mji wa bustani, nyumba zikaachiwa nafasi. Wengi wetu bado tuna kipande hicho mlangoni, na tunakitunza kwa bidii. Ila tumezoea kukipanda kitu kimoja: nyasi tupu, au ashok zilizopanga foleni. Zinapendeza, lakini nani atakula hapo?

Kuna kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano anayetaga kwenye mndimu. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, ndiyo maana ndege wengi humpita. Nyasi hali, ashok hali. Pasipo mndimu au ndugu zake kama mchungwa, kipepeo huyo hatakuwapo. Na shomoro, japo ni mla nafaka, makinda yake huyalisha wadudu. Sisi wenyewe tukiwekewa ugali bila mboga mwaka mzima, si tutahama?

Mama wa sukuma wiki, wewe unalijua hili. Tuta la sukuma pekee ni karamu ya vidukari. Panda kitunguu na dania katikati, kisha uache mashina mawili matatu ya dania yachanue. Maua yale madogo huwaita wadudu wekundu wenye madoa meusi, na hao chakula chao ni vidukari.

Tarehe 5 Juni 1977, pale Kamukunji, si mbali na hapa, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba. Humo mlikuwa na nandi flame, mugumo na podo. Tangu siku ya kwanza ya harakati zao za kupanda miti walichanganya! (Mugumo lakini msiupande karibu na nyumba, mizizi yake haiheshimu ukuta. Huo upelekwe uwanjani.)

Huna udongo? Debe kuukuu linatosha mshubiri mmoja, na ukichanua chozi ataufuata. Mwalimu, je, darasa lako haliwezi kupewa kona moja ya shule? Nawe ndugu unayeuza miche kando ya barabara, mteja akitaka ishirini ya aina moja, mwombe achukue kumi, na kumi mingine umchagulie wewe.

Leo jioni mkikamua ndimu kwenye chai, mbegu msizitupe. Zioteshe kwenye mkebe, zikizidi mpelekee jirani. Mndimu wa mbegu huchukua miaka kuzaa, lakini kipepeo anataka majani tu.