Usonji na Ujirani

Tangu Umoja wa Mataifa ulipoitenga tarehe 2 Aprili, kwa azimio la mwaka 2007, kuwa siku ya usonji, hatukosi hotuba wala fulana za buluu. Lakini mama ambaye mwanawe hasemi, wala hastahimili kelele za harusi ya mtaani, naye huambiwa na majirani kwamba mtoto amepagawa au, ajabu zaidi, amedekezwa, hotuba hizo humfaa nini siku zilizosalia? Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, nayo yatambua haki ya elimu. Mwalimu aliyefunzwa ndiye adimu. Basi halmashauri zianzie hapo, nasi majirani tumwangalizie mama huyo mtoto walau saa moja, apate kwenda sokoni bila taharuki.