Kiti na bunduki, vyote ni mali ya raia



Kwenye departema ya chuo kikuu cha serkali, iwe UOR ya Butembo ao UOS ya Beni, kiti kikipotea inapashwa kuwe mutu wa kuulizwa. Sasa gari ya jeshi, mafuta yake, masasi yake, nani anavihesabu mbele ya raia?

Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa. Tarehe 6 Mei 2021 walituletea état de siège, wakaweka wanajeshi na polisi kwenye viti vya uongozi. Tangu hapo, mwenye kutumia vifaa ndiye anajihesabia mwenyewe. Lakini article 188 ya Katiba iko wazi: jeshi ni la inchi nzima, na linatii uongozi wa kiraia.

Hatuombe siri za vita. Tunadai:

– Kamisio ya Ulinzi ya Bunge na IGF waje, wafungue depo, wahesabu, waseme nini inakosekana;
– kila departema ibandike kwenye valve liste ya vitu vyake na matumizi ya minerval.

Askari bila masasi, mwanafunzi bila mikroskopi: wote wawili wanaumizwa na kimya yetu. Tusinyamaze.