Mashauri ya Juma: Taa ya Baiskeli Isifunikwe na Mzigo



Katika miji hii iliyouzunguka Mlima Kenya, tangu Karatina na Nyeri mpaka Naro Moru na Nanyuki, kazi nyingi huanza kabla ya jua kuchomoza, na nyingine huisha baada ya jua kutua. Mchukuzi wa maziwa hutoka kwake saa 11 alfajiri. Mlinzi wa usiku hushika njia wakati wenzake warudipo majumbani. Mwenye mboga hujihimu ili awahi soko la Karatina kabla ya wanunuzi. Wengi katika hao husafiri kwa baiskeli. Tena, kwa kuwa tunakaa karibu na Ikweta, giza kwetu huingia bila hodi: jua likisha kutua, haipiti nusu saa ila huoni tena shimo lililo mbele ya gurudumu lako. Ufikapo mwezi wa Julai, ukungu hushuka na kuziba hata ule mwanga mdogo wa nyota.

Juma hili, basi, twataka kuzungumza habari za taa za baiskeli: ipi ya kununua, na mahali gani pa kuifunga.

Jirani yangu mmoja alikuwa mchukuzi wa maziwa, na kila alfajiri aliteremka na mitungi yake kuelekea upande wa Kiganjo. Alikuwa mtu mwangalifu. Alijinyima akanunua taa kubwa ya mbele, yenye mwanga wa kumfanya mtu afumbe macho. Asubuhi moja ya ukungu, lori lilimgonga kutoka nyuma. Watu walipofika walikuta baiskeli imo mtaroni, maziwa yamemwagika, na ile taa ya mbele ingali inawaka, ikimulika majani. Nyuma hapakuwa na taa yoyote. Dereva alisema hakuona kitu, nami naamini alisema kweli. Jirani yetu tulimzika, akaacha mke na watoto watatu.

Tangu siku ile nimefahamu kwamba taa ya baiskeli ina kazi mbili, wala si moja. Kazi ya kwanza ni kukuonyesha njia. Kazi ya pili ni kukuonyesha wewe kwa wenye magari. Aghalabu sisi hununua taa kwa ajili ya kazi ile ya kwanza tu, tukaisahau ya pili. Nayo ya pili ndiyo yenye kuokoa roho.

Hebu tupige hesabu kidogo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita karibu mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akiona kitu leo, hupita sekunde moja na zaidi kabla mguu wake haujakanyaga breki, na gari nalo huendelea kuteleza kabla ya kusimama. Jumla yake yazidi mita 60, hata barabara ikiwa kavu. Lakini mtu aliyevaa koti jeusi, katika mwanga wa taa za gari zilizoinamishwa, huonekana kwa shida akiwa mbali kama mita 30. Maana yake ni kwamba dereva akuonapo amekwisha kuchelewa, ajapokuwa mtu mwema asiyelewa. Taa ndogo nyekundu yenye nguvu ya kutosha huonekana umbali wa mita mia kadhaa. Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: fedha zikiwa chache, anza na taa ya nyuma.

Mimi nilidhani nimekwisha kujifunza somo hili. Nikanunua taa nyekundu nzuri, nikaifunga chini ya kiti. Jioni moja nilikuwa nikitoka Karatina, nimepakia gunia la majani ya ng'ombe juu ya keria, wakati dereva mmoja aliponipita kwa shida, akasimama mbele, akashuka. Akaniuliza, "Mzee, mbona watembea usiku bila taa?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba taa ninayo, nikamwonyesha. Kumbe taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa, nayo imefunikwa na gunia! Nilikuwa nimelimulikia gunia mwendo wote ule. Niliona haya, nikamshukuru, nikasukuma baiskeli kwa miguu mpaka nyumbani.

Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwenye karatasi za watengenezaji wa taa usipotufaa. Wao hufikiri habari za mtu apandaye baiskeli tupu. Lakini baiskeli ya kwetu, hasa ile kubwa nyeusi iitwayo Black Mamba, ni punda wa nyumbani: hubeba mitungi, magunia, kuni na hata kitanda. Taa iliyofungwa chini ya kiti hufunikwa na mzigo wa nyuma. Taa iliyofungwa juu ya usukani hufunikwa na kikapu au dumu lililotundikwa mbele. Taa iliyofunikwa na taa isiyokuwapo ni mamoja.

Basi zifunge hivi. Taa ya nyuma ifungwe chini, katika ncha ya madigadi au kwenye fremu karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo mzigo hauning'inii. Kama wachukua majani au kuni zinazoteremka mpaka chini, uwe na taa ya pili yenye mkanda, uifunge kwenye mzigo wenyewe kwa nyuma kabisa, kwa ile mipira ya tyubu kuukuu tunayofungia mizigo. Itazame isilegee ikaelekea mbinguni au ardhini. Mwanga wake uelekee sawasawa kwa yule ajaye nyuma. Taa ya mbele ifungwe kwenye kile chuma kilicho mbele ya shingo ya usukani, au ubavuni mwa uma wa gurudumu, chini ya kikapu.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Siku hizi taa nyingi ni za LED, nazo zimeleta heri kubwa, maana hutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo na haziungui upesi kama balbu za zamani. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa lumeni. Katika mitaa ya mji yenye taa za barabarani, lumeni 100 zatosha. Katika njia ya giza tupu, kama zile za mabonde kati ya Nyeri na Othaya, tafuta lumeni 300 au 400. Zaidi ya hapo wamaliza betri bure na kuwapofusha wenzako.

Lakini jihadhari na maandishi ya uongo. Utaona taa ndogo madukani imeandikwa lumeni 5,000, na betri yake imeandikwa 9,900 mAh. Betri za lithiamu za namna ile iitwayo 18650, yaani zenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, zilizo bora huweka kama 3,500 mAh tu. Yenye kudai 9,900 yasema uongo. Betri ya kweli pia ina uzito, kama gramu 45. Ile ya uongo mara nyingi huwa nyepesi mkononi. Betri moja nzuri yaweza kuwasha taa ya lumeni 400 kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Muuzaji akikuambia kwamba betri hiyo moja itatoa lumeni 5,000 usiku kucha, mwage kwa heshima, uende duka jingine. Ukisha kununua, iwashe nyumbani mpaka izime, huku ukitazama saa, ndipo ujue taa yako itakufikisha wapi.

Tazama na umbo la mwanga. Taa nyingi humulika duara kama tochi, hata nusu ya mwanga ikapotea juu ya miti na machoni mwa watu. Sheria ya Ujerumani hutaka taa ya baiskeli iwe na mwanga uliokatwa upande wa juu, kama wa gari. Ukiipata ya namna hiyo, ichukue. Usipoipata, iinamishe uliyo nayo. Njia ya kupima ni rahisi: simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, upime taa ina kimo gani kutoka ardhini. Kitovu cha mwanga ukutani kiwe nusu ya kimo hicho. Taa ikiwa na kimo cha mita 1, kitovu kiwe sentimita 50. Hapo mwanga utagusa barabara mita 10 mbele yako. Mita hizo zamtosha mtu aendaye polepole mahali tambarare. Lakini ukiteremka kwa kilomita 30 kwa saa, wahitaji mita 20 hivi ili usimame. Basi ama uinue taa kidogo, ama, na hilo ndilo bora, upunguze mwendo. Usishuke kilima kwa kasi inayoipita taa yako.

Wako wasomaji wanaopenda dainamo, na sababu wanayo: haihitaji betri wala kuchajiwa. Dainamo ya kawaida ina volti 6 na nguvu ya wati 3, nayo ikiunganishwa na taa ya LED hutoa mwanga mzuri. Lakini ina kasoro mbili katika nchi yetu. Kwanza, ile isuguayo tairi huteleza wakati wa mvua na matope. Pili, hutoa umeme gurudumu lizungukapo tu. Nchi yetu ni ya milima; nani kati yetu asiyeshuka na kusukuma baiskeli yenye mzigo? Hapo gurudumu huenda polepole, dainamo hulala, na taa huzimika wakati ule ule magari yapandapo kilima nyuma yako. Mwenye dainamo, basi, asikose taa ya nyuma yenye betri yake.

Penye ukungu mnene, usiongeze mwanga. Mwanga mkali hugonga ukungu ukakurudia machoni kama ukuta mweupe. Uupunguze, uuinamishe, nawe uende polepole. Na taa ya mbele isimetemete katika giza, maana huwezi kupima shimo kwa mwanga unaokuja na kutoweka.

Yako na mambo yasiyo na gharama kubwa. Ile rangi nyeupe na kioo chekundu katika madigadi ya nyuma ya baiskeli nyingi havikuwekwa kwa urembo. Vioshe matope kila jioni. Kipande cha utepe wa kurudisha mwanga, kilichobandikwa kwenye mitungi, kwenye pedeli na nyuma ya koti, hufanya kazi hata betri ikifa. Hakiibi mtu usingizi wala hakihitaji kuchajiwa.

Mwisho, fanyeni jaribio hili usiku wa leo. Pakieni baiskeli mzigo wake wa kila siku, mwasheni taa, mmpe kijana aishike nje ya barabara. Kisha rudini nyuma hatua 100, mgeuke, mtazame. Mkiona mwanga mwekundu ulio wazi, lalani kwa amani. Mkiona giza, jueni kwamba hivyo ndivyo dereva anavyowaona alfajiri. Na akina mama, msiwaache waume na wana wenu watoke kabla ya jaribio hili. Mke wa jirani yangu aliniambia kwamba kila alfajiri alisimama mlangoni akiuona mwanga wa taa ya mumewe ukiteremka kilima, akaridhika. Hakujua kwamba aliyekuja nyuma yake hakuona kitu.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza habari za breki.