Wapiga picha wenzangu, tuache uwindaji!

Nimepotea kidogo, mitihani ilinibana. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa kooni kwa muda, na najua wapiga picha wenzangu watanuna. Wanune tu.

Wanaonifahamu wanajua mimi na kamera ni chanda na pete. Ni Canon ya mtumba, niliinunua Kariakoo kwa hela ya kujikimu ya mwaka wa kwanza, muhula ule nikala wali maharage mpaka maharage yakanijua jina. Jumamosi wenzangu hosteli wakiwa wanafua, mimi nadandia daladala alfajiri naenda Feri kuwahi mwanga boti za samaki zikiingia. Nikitoka pale nakatiza mpaka Kariakoo, natembea tu, napiga. Hii ndiyo starehe yangu. Sinywi, mpira sichezi.

Sasa kisa chenyewe. Masika iliyopita nilikuwa nimejibanza kwenye kibaraza cha duka, Mtaa wa Msimbazi, mvua inamwagika kama imelipwa. Akapita mzee anasukuma mkokoteni wa magunia. Gurudumu moja limezama kwenye dimbwi, mzee ameinama, singlendi imemganda mgongoni, miguu imo kwenye tope mpaka vifundoni. Nikafyatua mara sita. Hakuniona. Nikaondoka zangu nimefurahi kama nimeokota pochi.

Darasani mwalimu akaisifia mbele ya wote. Tulifundishwa kwamba mpiga picha hodari ni kama mwindaji: mlengwa asijue, maana akijua anapozi na ukweli unapotea. Picha yangu ikatundikwa kwenye maonyesho ya chuo. Nikaipa jina "Jasho". Nikaiweka Instagram, watu wakaipenda, wakaigawa, mimi kichwa kikavimba. Nikaanza kuiandaa kwa ajili ya shindano ambalo zawadi yake ni lenzi ninayoiota usiku.

Baada ya wiki kadhaa nikarudi mtaa uleule. Kijana mmoja wa mikokoteni akaniangalia, akaangalia kamera, akauliza, "Wewe ndiye uliyempiga mzee picha?" Nikaitikia kwa tabasamu, nikidhani naja kupongezwa. Akatoa simu yake. Picha ni yangu kabisa, ila kuna mtu asiyejulikana ameiandika juu kwa maandishi mekundu: SOMA KWA BIDII USIJE UKAWA HIVI. Ilikuwa imezunguka WhatsApp mpaka ikafika kwa mjukuu wa yule mzee, kidato cha pili, ikitumwa na wanafunzi wenzake wanaomjua babu yake.

Nilipelekwa kwa mzee mwenyewe. Alikuwa amekaa juu ya mkokoteni anakunywa kahawa. Nilimpa shikamoo kwa sauti ndogo. Aliitikia marahaba, akaniuliza nasoma nini, nikamwambia uandishi wa habari. Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Mwanangu, mkokoteni si aibu. Umesomesha watoto wanne. Lakini umenipiga nimeinama kama ng'ombe. Nilikuwa na shati kavu kwenye mfuko wa nailoni. Ungenisubiri dakika tano tu."

Dakika tano! Mimi niliyekaa kibarazani karibu saa nzima nikisubiri mwanga.

Tangu siku hiyo najiuliza swali moja, na leo nawatupia na nyie: ruhusa tunamwomba nani? Wikiendi nyingine huwa napiga picha za harusi ili nipate hela ya kula. Kule Mbezi Beach tunaomba ruhusa hata ya kusogea. Bwana harusi tunamnyoosha tai, bibi harusi tunamfuta chunusi kwa kompyuta, shangazi akisema ile picha amefumba macho, tunaifuta bila ubishi. Tukipita mbele ya kambi ya jeshi au benki, kamera inaingia kwenye begi yenyewe bila kuambiwa. Kwa hiyo adabu tunayo jamani! Wenye hela tunawaomba, wenye bunduki tunawaogopa. Anayebaki ni mama lishe, machinga, mtoto wa mitaani na mzee wa mkokoteni. Huyo ndiye tunamwita "uhalisia".

Tena sikilizeni maneno yetu wenyewe. Tunalenga, tunafyatua, tunanasa. Ni lugha ya porini.

Jambo hili halikuanza na sisi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar kama ya A. C. Gomes na ya Coutinho zilipiga picha nyingi zilizonunuliwa na wageni. Tazameni kadi za posta za enzi hizo. Mwanamke wa Kizanzibari amekaa anatazama lenzi, na chini yake hakuna jina, kuna kabila au "aina" tu, kama vile ni ndege wa kwenye kitabu. Aliyepigwa hakuwa mnunuzi. Sasa linganisheni na Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza hapohapo Zanzibar mwaka 1930. Kule mtu alikwenda kwa miguu yake, amechana nywele, amevaa nguo aliyoichagua, akalipa, akaondoka na picha yake mkononi. Picha za namna hiyo ndizo zilizoning'inia sebuleni kwa bibi zetu. Mbona hakuna aliyesema zile hazina ukweli? Mtu kujipanga anavyotaka kuonekana nao ni ukweli wake.

Najua mnachotaka kusema. "Barabarani ni kwa wote." "Tukiomba ruhusa kila mahali, uandishi utakufa." Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ni kweli kwa nusu. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini. Picha zilizopigwa pale zilimwonyesha akiwa amezingirwa na askari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Je, wapiga picha wa siku ile walipaswa kuwaomba ridhaa wale askari? Hata kidogo! Mwenye dola akiwa kazini anafanya kazi ya umma, na umma una haki ya kumtazama. Lakini mzee wangu hakuwa na dola. Alikuwa na magunia. Kuchukua ujasiri uliotakiwa kwa ajili ya rungu na kuutumia kwa mtu aliyeinama kwenye tope si uandishi, ni uoga uliovaa koti la uandishi.

Na sheria zimeanza kutukaribia. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Jirani zetu Kenya wameshaonja: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Safi. Ila oneni, mteja wa klabu anajua pa kulalamika. Mzee wa Msimbazi aende ofisi gani, na mkokoteni amwachie nani?

Kwa hiyo nasema wazi. Tuombe, na kama tukio halisubiri basi tuombe baada ya kupiga, tumwonyeshe mhusika, akikataa tufute mbele yake. Tuandike jina lake kama ametupa. Tumpelekee nakala. Na vyuo viache kutoa alama kwa picha ya mtu ambaye mwanafunzi hajui hata anaitwa nani.

Mimi nimeanza. "Jasho" nimeitoa Instagram na sikuipeleka kwenye shindano. Lenzi nimeipungia mkono. Siku ileile mzee aliomba nimpige upya. Akaingia nyuma ya duka, akatoka na shati la mikono mirefu na baraghashia, akasimama wima, mkono mmoja juu ya mkokoteni. Nikaisafisha, nikaiwekea fremu, nikampelekea. Jina lake limeandikwa nyuma ya picha. Hapa silitaji, ndivyo tulivyokubaliana. Mwalimu nilipomwonyesha picha hiyo alisema, "Hii ni kama ya pasipoti." Sawa mwalimu. Mwenyewe ameipenda.

Ila kuna kitu siwezi kukifuta. Jumapili iliyopita shangazi yangu wa Morogoro alituma picha kwenye kundi la ukoo kutuhimiza watoto tusome. Mvua, magunia, mgongo umeinama, na maandishi yale mekundu. Ndugu kumi na moja wakajibu "Amina". Shangazi hajui ni kazi ya mikono yangu. Leo nimeandika ili ajue.

Nawasilisha.